Nikishikana kifua kwa kifua na mtu mzito nashindwa kumwangusha. Nianze na nini?

Swali

"Shikamoo mwalimu. Nipo Lindi mjini, nina miaka 23 na kilo 64. Nimecheza ngumi tangu sekondari, na sasa mimi na wenzangu tunafanya mazoezi ya mapambano mchanganyiko ufukweni, ngumi na mieleka pamoja. Msimu wa korosho nabeba magunia ghalani, kwa hiyo nguvu za mgongo na mikono ninazo. Tatizo ni tukishashikana. Namkumbatia mtu kiuno nimnyanyue nimbwage, sifiki popote. Mwenzangu mmoja wa kilo 80 ananilalia shingoni, pumzi inakata, mwisho tunaanguka na mimi ndiye ninayekuwa chini. Wengine wananiambia niache kushikana, niwe navamia miguu. Wengine wananiambia nijifunze kumrusha mtu kwa nyonga. Nianze wapi? Na tufanye vifua wazi au na fulana?"

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Anza kwa kuacha kumnyanyua. Mgongo uliozoea magunia ya korosho ni mali kubwa, lakini gunia halina miguu: ukilikumbatia linakaa pale pale ulipolishika. Mtu wa kilo 80 ukimkumbatia anashusha kiuno, anapanua miguu, anakulalia, na nguvu zote unazotoa kumvuta juu zinakuchosha wewe peke yako. Kwenye mashindano ya judo wewe ungepangwa kundi la kilo 66 na yeye kundi la kilo 81. Katikati yenu lipo kundi zima la kilo 73, lile ambalo Andrew Thomas Mlugu aliiwakilishia Tanzania kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Makundi hayo yapo kwa sababu uzito ni nguvu, na mashindano ya kunyanyuana na mtu wa namna hiyo utayapoteza. Kumwangusha ni jambo jingine kabisa, na hilo unaliweza.

Mtu aliyesimama ana miguu miwili tu. Mwambie mwenzako asimame, kisha chora mstari mchangani kutoka kisigino chake kimoja hadi cha pili. Msukume kwa kuufuata mstari huo, kutoka ubavuni. Utaona alivyo imara. Sasa simama mbele yake, mguse kifuani kwa kiganja kimoja na umsukume kwa kuukata ule mstari katikati. Atarudisha mguu mara moja, kwa sababu nyuma yake katikati hakuna kitu kinachomshikilia. Mbele yake katikati ni vivyo hivyo. Hizo ndizo sehemu mbili ambazo mguu wa tatu ungehitajika na hana. Kila namna ya kumwangusha mtu mkiwa mmeshikana, iwe ya judo, ya mieleka au ya mchezo wowote, ina kazi mbili ndani yake: kumpeleka kule ambako hana mguu, na kuuzuia mguu anaotaka kuupeleka huko ajiokoe. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo Japani mwaka 1882, aliigawa kazi hiyo kwa hatua: kwanza unamvunjia mizani, pili unaingia mahali pako, tatu unamalizia. Wewe umekuwa ukianza na hatua ya tatu.

Kuna jambo jingine ambalo ngumi zimekupa bila wewe kujua. Bondia akichoka humkumbatia mwenzake, maana anajua refa atakuja kuwaachanisha. Kwa miaka yote hiyo mwili wako umejifunza kwamba kushikana ni mapumziko. Kichwa kinalala begani kwa mpinzani, mikono inalegea, miguu inasimama sambamba ikisubiri sauti ya refa. Huko ufukweni hakuna wa kuwaachanisha, na mwenzako anakuta umepumzika. Naamini pumzi yako inakatikia hapo. Anayebebeshwa kilo 80 shingoni huku akivuta juu kwa mikono atachoka hata awe na mapafu ya mpiga mbizi wa Mikindani.

Kwa hiyo tuanze na kichwa. Wengi wanakimbilia mikono na miguu, lakini kichwa ndicho kinachoamua nani anamlalia nani. Chako kiwe chini kuliko chake, paji la uso limebana chini ya taya lake au pembeni kwenye panja, na likae likisukuma muda wote. Shingo ya mtu ikipinda, mgongo unafuata, na mgongo ukishapinda nyonga zake hazina kazi. Hawezi kukulalia kama paji lako liko chini ya taya lake. Itabidi kwanza akiondoe kichwa chako, na akiwa anahangaika na hilo, wewe unafanya mengine. Paji liletwe taratibu na kubanwa. Kulirusha ni kumpiga kichwa, na meno ya mwenzako hayatarudi.

Mikono inafuata, na hapa nakuomba uwe na subira, kwa sababu hapa ndipo palipo na utajiri wote wa jambo hili. Mnaposhikana kifua kwa kifua, kila mkono wako una sehemu mbili tu za kuwa: umepita chini ya kwapa la mwenzako, au umepita juu ya mkono wake. Anayepitisha chini ya kwapa ndiye aliye karibu na mwili wa mwenzake, ndiye anayeweza kuliinua bega lake, kumgeuza na kumpeleka anakotaka. Mkiwa sawa, kila mmoja anakuwa na mkono mmoja chini na mmoja juu. Ukipata yote miwili chini, kiuno chake ni chako. Akipata yeye yote miwili, usisimame ukifikiri. Rudisha nyonga zako nyuma mara moja, banisha viwiko mbavuni, na upigane upate angalau mkono mmoja wa chini kabla ya kufikiria kingine chochote.

Mkono wa chini una adabu zake. Kidole gumba kielekee juu, kiganja kikae mgongoni nyuma ya bega, na kiwiko chako kisiwe mbali na mbavu zako. Kazi ya kuliinua kwapa lake inafanywa na bega lako na miguu yako. Ukiinua kwa msuli wa mkono utachoka kabla ya dakika mbili, na mkono uliochoka unashuka, na ukishuka mwenzako anaukumbatia kwa nje na kukubana. Mkono wa juu nao usiuache unaning'inia: ubane mkono wake juu kidogo ya kiwiko, uuvute kifuani kwako, asiupate mgongo wako.

Zoezi la kujenga haya ni moja, na ningekuwa na uwezo ningelifanya liwe la lazima kwa kila kijana anayetaka mieleka. Simameni mmeshikana, kila mmoja na mkono mmoja chini na mmoja juu. Bila kuangushana, kila mmoja apenyeze kiganja cha mkono ulio juu, kipite kati ya vifua, kiingie chini ya kwapa, huku mwingine akifanya vivyo hivyo, mikono ikibadilishana nafasi mfululizo, vifua vimegusana, miguu ikitembea hatua fupi fupi. Anzeni kwa ulaini. Baada ya siku kadhaa ongezeni ubishi, mmoja azuie na mwingine apenyeze. Raundi za dakika 3, zile zile ulizozizoea kwenye ngumi. Mtu aliyelifanya zoezi hili miezi miwili anamfahamu mwenzake kwa kifua: anajua uzito umehamia mguu gani kabla macho hayajaona.

Ukishapata yote miwili chini na kutaka kufunga kiuno, usipishanishe vidole. Kutanisha kiganja na kiganja, kimoja kimelala juu ya kingine, vidole gumba vimebanwa pembeni. Vidole vilivyopishana vinavunjika mkianguka navyo, na haviachi haraka unapotaka kuviachia. Kamba hiyo ya mikono ikae chini ya mbavu, mahali mgongo unapojipinda kuingia ndani, na sikio lako libane kifua chake. Nguvu ya kufunga ni jambo ambalo hata mabingwa limewashinda. Aleksandr Karelin wa Urusi alichukua dhahabu ya mieleka ya Kigiriki na Kirumi, ile isiyoruhusu kushika chini ya kiuno, katika Olimpiki za 1988, 1992 na 1996, na alisifika kwa kuwanyanyua watu wa uzito wa juu kabisa kutoka chini na kuwabwaga. Kwenye fainali ya Sydney 2000 alishindwa 1–0 na Rulon Gardner wa Marekani. Pointi yenyewe ilitokana na mshikano: kwa sheria za wakati ule anayeachia mikono alimpa mwenzake pointi, na mikono ya Karelin iliachana. Ninakueleza hilo ili ujue kwamba hata mnyanyuaji hodari kuliko wote alitegemea kwanza mikono iliyofungwa vizuri.

Sasa tuje kwenye kuangusha. Nitakupa njia moja kwa kirefu, uikalie mpaka iwe yako.

Tuseme mkono wako wa kulia umepita chini ya kwapa lake la kushoto, na mkono wako wa kushoto umeubana mkono wake wa kulia kwa juu. Anakulalia kama kawaida yake. Usimbebe. Peleka mguu wako wa kushoto nyuma kwa pembeni, uuvute mkono wake wa kulia kuelekea chini, na bega lako la kulia liinue kwapa lake la kushoto. Hayo matatu yafanyike kwa pamoja. Pale alipokuwa ameegemea hakuna kitu tena, na uzito wake wote unaelekea mbele, kwenye kona ya mguu wake wa kulia. Akichelewa ataanguka kwa mikono na magoti, na wewe utakuwa umebaki umesimama ubavuni kwake. Ukipata hilo, lichukue, ni zawadi. Lakini mtu aliyezoea atajirudisha kwa nguvu: kifua kitanyanyuka, uzito utakimbilia kona ya nyuma upande wa pili, juu ya kisigino chake cha kushoto. Hiyo ndiyo nafasi uliyokuwa unaitafuta, na amekupa mwenyewe. Ulipokuwa ukimsukuma nyuma moja kwa moja akiwa ameegemea mbele, ulikuwa unashindana na kilo zote 80. Sasa kilo hizo zinakwenda unakotaka ziende.

Mguu wako wa kushoto uingie kwanza, hatua fupi, ukaribie katikati ya miguu yake, goti limekunjika. Kisha mguu wa kulia uingie kati ya miguu yake na kuukamata kwa ndani mguu wake wa kushoto, nyuma ya mguu wako ikibana nyuma ya mguu wake, chini ya goti. Kidole gumba cha mguu wako kisiondoke ardhini. Kiburute, kichore nusu duara kwenda nje, miguu yake ipanuke. Wakati huo huo kifua chako na paji lako la uso vinampeleka nyuma, juu ya kisigino kile kile ulichokikamata. Angalia mgawanyo wa kazi: mguu unamzuia asipige hatua ya kujiokoa, na kifua ndicho kinachomwangusha. Wanaoanza hufanya kinyume. Hukata mguu kwa nguvu zote, kifua kikabaki nyuma, wakasimama kwa mguu mmoja mbele ya mtu mwenye miwili.

Kuna hatari moja ya kuifahamu mapema. Ule mkono wake wa kushoto, ulio juu ya mkono wako wa chini, ndio silaha yake. Ukihisi ameukaza mpaka bega lako linashuka, na nyonga yake inaanza kugeuka kuingia mbele yako, usipeleke mguu wowote. Ukiupeleka utarushwa juu ya nyonga hiyo. Rudisha kichwa mahali pake, nyoosha mgongo, sukuma nyonga zako zigusane na zake asipate nafasi ya kugeuka, na mwanze upya kupigania mikono. Hakuna aibu kuanza upya mara tano ndani ya raundi moja.

Mkianguka utakuwa juu, katikati ya miguu yake. Goti lako lisitangulie kwenye kinena chake, na bega lako lisitue juu ya koo lake. Usibaki hapo umelala ukimshukuru Mungu. Nyanyua mgongo, lisukume paja lake moja lilale chini, vusha goti lako juu yake na utoke upande. Uliyemwangusha ukamwacha akufunge kwa miguu, bado kazi hujaimaliza.

Njia ya pili ni kwenda mgongoni, na kwa kilo zako naamini hatimaye utaipenda kuliko ile ya kwanza. Mtu mzito anapokulalia na mkono wake uko juu ya bega lako, kishike kiwiko chake kwa kiganja, kiinue, kunja magoti ushuke na mgongo umenyooka, kichwa kipite chini ya kwapa na utokee nyuma yake. Aliyekuwa akikuegemea anaegemea hewa. Ukifika nyuma, funga kiuno, bana sikio mgongoni kwake, na kumbuka agizo la mwanzo: usinyanyue. Ziba kisigino chake kimoja kwa wayo wako na umkalishe kuelekea kona ya nyuma ya upande huo, wewe ukitokea ubavuni asikuangukie tumboni.

Ipo na njia ya goti, fupi, inayofaa mtu anaporudi nyuma akikukwepa. Ukiwa na mkono mmoja chini ya kwapa, mkono wa pili unashuka kuziba goti lake la upande wa mbali, na kifua kinampitisha juu ya goti hilo. Kwenye mapambano mchanganyiko na mieleka huru inaruhusiwa. Ukienda siku moja kwenye judo iache nyumbani, maana tangu mwaka 2013 sheria za kimataifa zimezuia kabisa kushika miguu kwa mkono mkiwa mmesimama.

Wanaokuambia uvamie miguu kutoka mbali hawakudanganyi, ni ufundi mkubwa. Ila uvamizi mwingi ukizuiwa huishia mmeshikana pale pale unapopaogopa, na kichwa kikiwa chini vibaya shingo yako inabaki tayari kwa kabari. Jifunze kukaa kwenye mshikano kwanza. Wale wa nyonga nao wana haki yao, na wewe kuwa mfupi au mwepesi si kikwazo, kwa kuwa nyonga zako lazima ziingie chini ya zake. Sababu yangu ya kukuzuia kwa sasa ni mchanga. Kurusha kwa nyonga kunataka ugeuke juu ya nyayo, na mchanga mkavu unaishika nyayo huku mwili ukigeuka. Goti ndilo linalolipa. Subiri mpate mikeka au ardhi iliyoshindiliwa.

Na kuhusu huo mchanga, nawaomba muusome kabla ya kuutumia. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, mnaachiwa uwanja mpana unaovutia, lakini mchanga uliotoka kufunikwa na maji ni mgumu, na mtu akibwagwa pale anaumia bega au kisogo. Mchanga mkavu wa juu ni laini kuangukia ila unazamisha mguu. Fanyeni hivi: chagueni mpaka kati ya hizo mbili, ule unaokanyagika vizuri, mfanye hapo zoezi la mikono na hatua. Kando yake, upande wa juu, limeni kwa jembe eneo la hatua tano kwa tano, mlegeze mchanga kina cha kiganja kizima, mtoe vipande vya matumbawe, makombe na chupa. Mtu asimame mwisho wa ardhi ngumu, aangushwe ndani ya eneo lililolimwa. Mkipata turubai, tandikeni juu ya magunia yaliyoshindiliwa nyuzi za makumbi ya nazi, hapo mtakuwa mmejitengenezea uwanja wa kudumu msiotegemea maji kupwa wala kujaa. Senegali mieleka yao ya laamb, inayochanganya ngumi na kushikana, inachezwa juu ya mchanga, na huko aliyeangukia mgongo, au mikono miwili na magoti mawili, ameshindwa. Kwa hiyo ardhi mliyonayo si ya kudharau. Inataka kutayarishwa tu.

Kabla mtu hajaangushwa, ajue kuanguka. Sitaki mlirukie hili. Wiki mbili za kwanza kila mmoja aanguke peke yake: kutoka kuchuchumaa, kisha kutoka kusimama, nyuma na ubavuni. Kidevu kifuani ili kisogo kisifike chini, pumzi itoke, mikono ipige ardhi kwa viganja ikiwa karibu na mwili, isinyooshwe nyuma kudaka uzito. Mkono ulionyooshwa ndio unaovunjika kifundo au kung'oka kiwiko. Vijana wa ngumi hili huwawia gumu, kwa kuwa mmefunzwa kwamba kwenda chini ni kushindwa, na mwili unapinga hadi mwisho. Jifunzeni kukubali mapema: ukishahisi umeanguka, anguka vizuri.

Yapo mambo ambayo kwenye kikundi chenu yawe marufuku, na wewe uwe wa kwanza kuyasimamia. Kumnyanyua mtu kiuno na kumdondosha kwa kichwa au shingo. Kumrukia mwenzako aliyesimama na kumning'inia kiunoni. Kulikalia goti lake kwa ubavu wakati mguu wake umekita chini. Na kumkata kwa mkasi wa miguu miwili, mmoja mbele ya mapaja na mwingine nyuma ya magoti. Yasuhiro Yamashita, bingwa wa Japani, alivunjwa mguu kwa namna hiyo mwaka 1980, na judo ikaipiga marufuku. Mtu akigonga kichwa, siku hiyo amemaliza, hata akisema yuko sawa. Akitapika, akichanganya maneno, akilala na kuwa mgumu kuamka, mpelekeni hospitali ya Sokoine bila kungoja kesho. Akilalamika shingo pamoja na ganzi au mwasho kwenye mikono, msimnyanyue wala kumkalisha. Mwacheni alale alivyo, kichwa kishikiliwe kisitikisike, msaada ufuatwe.

Ratiba yenu isiwe nzito. Siku tatu kwa wiki zinatosha kwa mtu anayebeba mizigo, na msimu wa minada ukipamba moto ghalani, punguzeni ziwe mbili. Mgongo uliochoka kwa kazi unakosea, na makosa ya mieleka huangukia shingoni. Mwezi wa kwanza ni kuanguka, kichwa na zoezi la mikono. Wa pili, kile kitendo cha kumvuta mbele na kusubiri ajirudishe, mara nyingi, bila kumalizia. Wa tatu ndipo mguu wa ndani uingie, mwenzako akikupa upinzani kidogo kidogo. Na yule wa kilo 80 usimkwepe. Mwombe awe mwenzako wa siku moja kati ya hizo tatu, aegemee kwa makusudi kama anavyokuegemea sasa, kwa sababu hakuna mwingine atakayekufundisha vizuri zaidi lini uzito unahama. Siku nyingine tafuta wa kilo zako, ujue kama ufundi wako unafanya kazi au umezoea tu makosa ya mtu mmoja.

Nguo: fanyeni kwa zamu. Vifua wazi jasho linateleza, na mikono isiyofungwa vizuri inaumbuka, kwa hiyo ni mtihani mzuri wa mshikano. Lakini ngozi kwa ngozi juu ya mchanga inachubuka, na choa ikiingia kwa mmoja itawazunguka wote. Siku nyingi vaeni fulana ya kubana yenye mikono mirefu, bila ruhusa ya kushika nguo. Kucha fupi, pete na cheni vibaki nyumbani, kila mtu aoge kwa sabuni mara mkimaliza, na mwenye kidonda au choa apumzike hadi apone. Mkipata makoti ya judo hata mawili, hapo mtaanza somo jingine, kwa maana kola na mkono wa koti vinampa mtu mizani mpya kabisa.

Ukifika mwezi wa pili, mwambie mmoja wenu akurekodi raundi moja ya zoezi la mikono na yule wa kilo 80, unitumie. Asimame ubavuni kwenu na ashushe simu hadi usawa wa kiuno, nataka kuona miguu na nyonga.